Springi Ambazo Rama Hakulegeza

Mdogo wangu Mwamvita,

Dada yako wa huku Masaka, Kigali, anakusalimu. Goti lako vipi? Na wapangaji wale wa uani, wamehama au bado wanakusumbua? Mimi napumua tu. Anayeniandikia ni Mama Zuhura, jirani yetu mshonaji, nimemwambia aandike kama ninavyosema, asinirekebishe. Simu nimejaribu, nikisikia sauti yako naikata.

Uliniuliza kifo cha mwanangu Rama kilikuwaje. Sikukwambia yote.

Mgongo wangu unaujua, tangu Ujiji tukitwanga chikichi za mawese. Na barabara yetu hii ya udongo ni matuta matuta kama bati. Kila Rama akinipeleka sokoni Kabuga na moto yake, ndivyo huku wanavyoita pikipiki, nilikuwa nashuka nimejikunja. Akaenda kwa fundi, akatoa shokapu za nyuma zilizochoka, akafunga mpya zenye springi nene. Mwamvita, raha! Ningeweza kunywa chai nimekaa pale nyuma. Hata kwenye kona, zamani ilikuwa inayumba mkia kama bata, sasa inakata imetulia. Nikamwambia, baba, umenitandikia godoro.

Lakini zilikuwa na sharti. Chini ya springi kuna pete, unaizungusha na spana. Akinibeba mimi, na unene huu wa kwetu unaujua, anakaza. Akibaki peke yake, mtu mwembamba kama yule, lazima alegeze. Aliniambia, "Mama, nisipolegeza nyuma inaruka kama mbuzi." Na hakuwahi kusahau. Anachuchumaa mlangoni, anazungusha upande huu na upande huu, ndiyo anaondoka.

Siku ile alikuwa amenirudisha. Amechuchumaa, spana iko mkononi. Mkewe Aisha alikuwa bado sokoni, mawingu yametanda. Mimi na mdomo wangu, nikamwambia, "Rama, acha hiyo, mwenzio atalowa. Utalegeza baadaye." Akacheka, akasema leo fundi ni mama. Akatia spana mfukoni, akaenda.

Pale mteremkoni kwenye matuta, nyuma ikaruka. Muuza maziwa alimwona, anasema gurudumu lilikuwa halishiki chini. Moto ikamtupa kwenye mtaro wa mawe.

Matangani motari wenzake, wabeba abiria kama yeye, waliiangalia moto, wakakuta springi zimekazwa mpaka mwisho. Wakasema basi, Rama alifanya uzembe. Aisha naye akalishika neno hilo, kwamba uvivu wa dakika moja ndio umemfanya mjane. Na mimi nimekaa na kikombe changu cha uji. Majuma matatu mwanangu anaitwa mzembe, mimi nasikia.

Juzi nikashindwa. Aisha yuko eda, nikamfuata chumbani, nikamwambia yote. Kisha akasema, "Kumbe hakusahau." Akaegemea ukuta akalia, kilio ambacho hata siku ya maziko hakukilia. Nikanyoosha mkono nimshike. Akausogeza pembeni taratibu, kama mtu anasogeza sahani.

Chakula ananipikia. Asubuhi ananisalimia. Lakini zamani alikuwa ananiita mama, sasa haniiti kitu.

Wewe unasema nirudi nyumbani. Sirudi, Mwamvita. Mwenye eda hatoki, nani atamwendea sokoni? Naenda kwa miguu, nikichoka nakaa kando ya barabara. Na kila motari ninayemkuta namsimamisha, namwambia Rama hakuwa mzembe, ni mimi nilimharakisha. Mmoja jana aliniambia, "Pole, bibi, kapumzike." Anadhani uzee. Kesho nitamrudia.

Nisalimie mumeo, shemeji yangu. Binti yako aliyejifungua, mwambie nimefurahi, asione nimekaa kimya. Na kaka yetu mkubwa asiniombee kurudi, amwombee Rama.

Ni mimi dada yako Hadija,
mama yake Rama.