Boneti ya Baridi

Brampton, 9 Januari

Kaka Raza,

Salaam alaykum. Huku theluji inafika magotini na basi la kwenda kazini Malton limenichosha, ndiyo maana natafuta gari litakalowaka asubuhi bila kubembelezwa. Nilibaki na mawili yaliyotumika, moja la Kijerumani na jingine Volvo, nikaona nimchukue Baba anichagulie. Miaka arobaini ya kuuza spea kule Tanga haijamtoka.

La Kijerumani hakutaka hata liwashwe. Alivua glavu, akaweka kiganja juu ya boneti, akasema, "Lina joto. Muuzaji ameliwasha kabla hatujafika. Gari la nchi ya baridi ulisikilize likiwa bado limelala."

Volvo ilikuwa imeganda barafu vioo vyote. Iliwaka mara moja, naye akaisikiliza kwa muda mrefu, macho kayafumba.

Kwenye simu huwa unaniambia Baba ni mzima, kwa kuwa anakuitikia vizuri na kukuuliza habari za duka. Sijawahi kukubishia.

Jana aliponipa ufunguo alinipa kwa mikono miwili, kama anayempa mteja. "Chukua hili, bibi," akasema. "Nina binti yangu, Gulshan, anaishi nchi ya baridi kama hii. Angekuwa karibu, ningemnunulia hili."

Nikamshukuru, nikamfunga mkanda, tukarudi nyumbani.

Njoo, Raza, wakati sauti yako bado anaijua.

Dada yako,
Gulshan