Chupa Nne Nilizozifunga Mbichi

Papa,

Hii ni wiki ya saba tangu tukuzike, na mlango wa nyuma ukigongwa na upepo bado nadhani ni wewe unatoka kuangalia nyanya zako. Nyanya zimekufa. Sikuzimwagilia. Pale katikati yake ulipopanda bangi pamebaki mashimo mawili, na majirani zetu wa hapa Macquarie Fields, huku ugenini, hawajui kulikuwa na nini, kama ulivyotaka.

Nakuandikia kuhusu kabati la korido.

Ulitoa kila kitu ndani yake, mablanketi, mwavuli, pasi mbovu, ukafunga nyuzi toka ukuta huu mpaka ule na kuning'iniza matawi kichwa chini. Kabati lenyewe mtu mmoja akisimama limejaa. Kifeni ulikielekeza ukutani, ukasema upepo ukiyapiga maua moja kwa moja yanakauka nje na kubaki mabichi ndani. Hayo ulijifunza kwenye tumbaku ya babu kule kwetu Fizi. Ukanipa kijiti cha tawi moja nikikunje. "Ikiinama, bado. Ikivunjika, ndiyo unatia mu chupa. Na kila siku unafungua, iache ipumue. Usifunge mbio, ma fille, binti yangu." Nilikucheka sana. Shemasi mzima wa kanisa, umefumba macho unanusa bangi!

Lakini haukuwa mchezo. Yale mavuno kidogo ya mwaka jana ndiyo yaliyomfanya Mama ale. Kansa ilishaingia mifupani, dawa za hospitali zilikuwa zinamtapisha, nawe ukamchanganyia kidogo kwenye siagi. Akamaliza sahani ya fufu na sombe ya majani ya muhogo, akaomba aongezewe. Ulikwenda kulia bafuni. Nilikusikia.

Mwaka huu ulipanda kwa ajili yake tu. Matawi yalikuwa na siku nne kabatini ulipoanguka kazini, kule ghalani Minto. Hukurudi.

Jioni ileile watu wa kilio wakaanza kufika. Unajua kwetu nyumba ya msiba haifungwi mlango. Yakaja masufuria, yakaja magodoro, na wamama wa kanisa wakajipanga koridoni, migongo yao kwenye kabati lako. Mama Pasta akainua pua. "Furaha, humu munanuka nini?" Nikamwambia ni ya neighbours.

Niliona aibu, Papa. Nilikuona unasemwa kanisani kabla hata hujaingia kaburini. Na nyumba ni ya serikali, neno moja likitoka nje Mama angefukuzwa na ugonjwa wake. Walipoingia sebuleni kuomba, nikafungua kabati na kukunja kijiti. Kiliinama. Nilijua kabisa kwamba bado. Nikayakwanyua maua yote hivyohivyo, nikayashindilia kwenye zile chupa nne za kahawa ulizokuwa umeziandaa, nikakaza vifuniko na kuzificha ndani ya sanduku, chini ya kitanda walichokuwa wanalalia wageni. Siku kumi na mbili sikufungua hata moja.

Watu walipotawanyika baada ya mazishi, nikafungua ya kwanza. Ilitoa harufu ya nguo zilizosahaulika kwenye mashine. Ukungu wa kijivu ulikuwa umeshuka mpaka chini. Nikafungua ya pili, ya tatu, ya nne. Nilikaa sakafuni nikitafuta japo ua moja zima la kumpa, na sikulipata.

Mama akauliza, "Ile dawa ya baba yako iko wapi?" Nikampelekea chupa moja. Akainusa, akanirudishia. "Aliifunga mbichi. Ule mwanaume alikuwa na haraka siku zote. Hata kufa, amekufa mbio."

Nikaipokea ile chupa, Papa, nikakaza kifuniko tena.

Tangu siku hiyo hataki picha yako karibu na kitanda. Uji anakunywa vijiko viwili, cha tatu kinarudi. Maumivu yakimbana anakutaja wewe, na hakutaji kwa wema. Anasema ulimwahidi ukaondoka. Mimi namfuta mdomo, nageuza mto, naacha lawama ikae juu yako kwa sababu wewe huwezi kuumia tena. Ndivyo nilivyojidanganya. Nilililinda jina lako kwa watu wa kanisa, nikalichafua kwa mtu mmoja uliyemjali.

Mbegu nimezikuta mfukoni mwa koti lako la kazi. Lakini baridi ndiyo imeshika, kupanda ni mpaka joto lirudi, na daktari aliyekuja Jumatatu anahesabu maisha ya Mama kwa wiki. Nilimwuliza mara mbili, akanijibu vilevile. Hakuna kitakachowahi kuota.

Kwa hiyo mavuno siwezi kukuahidi, wala kwamba atakula, wala kwamba atalala. Nakuahidi hili tu. Kesho asubuhi nikishamwosha, nitakaa pale kitandani nimwambie ni mimi niliyefunga zile chupa, na kwamba kijiti kilikuwa bado kinainama. Huenda asinisemeshe tena mpaka mwisho, na katika nchi hii sina mwingine. Sawa. Mimi nabaki.

Mama ndiye anayekuja huko. Kwaheri, Papa. Mpokee tu, hatakuja amekukasirikia.

Furaha