Maneno ya Baba Kwenye Diski

Kambarage, Shinyanga
3 Machi 2024

Mwanangu Swaleh,

Assalaam aleikum. Hujambo huko machimboni? Kifua kimepona? Mimi mzima, ni magoti tu. Simu yako haipatikani wiki ya tatu sasa, ndiyo maana nampa Chacha wa basi barua hii.

Kompyuta ya marehemu baba yako imenishinda. Niliiwasha, ikaleta kioo cheusi na maandishi meupe, ikawa inahesabu asilimia. Violeth wa jirani akasema inakagua diski, niiache. Ikafika kumi na moja, ikaganda hapo tangu adhuhuri mpaka alasiri! Umeme ukaanza kucheza, nami nikachomoa waya ukutani kama baba yako alivyonifundisha. Sasa kila nikiwasha inaandika Kizungu. Violeth anasema haioni diski. Imeipeleka wapi, jamani? Si imo humo humo?

Nijibu upesi. Mle ndani kuna kitu chako.

Mama yako


Nyarugusu
12 Machi

Mama, shikamoo.

Waaleikum salaam. Sijambo, kifua kinakwenda kinarudi. Huku mtandao ni wa kubahatisha.

Diski haijaenda popote. Fungua ubavu wa boksi, chomoa waya mwembamba wa diski, urudishe mpaka ukae sawasawa. Kuna pia kibao chembamba chenye meno ya dhahabu. Kichomoe, sugua meno yake kwa ufutio wa shule, halafu washa. Ikigoma itupe, mama, mashine yenyewe ya zamani. Kitu gani changu?

Mwanao


Kambarage
15 Machi

Marahaba, mwanangu.

Hivi nyie mnahangaika mashimoni, kumbe dhahabu imo sebuleni kwangu miaka yote? Kibao nimekisugua kikang'aa, nikakifunga kwenye leso na kukifungia sandukuni. Mtaa huu una macho. Nikawasha kama ulivyosema. Sasa hata yale maandishi hakuna, inalia tu pii, pii, pii. Sielewi imekasirika nini.

Unauliza kitu gani! Siku mbili kabla hajafariki, baba yako alimwita Violeth amrekodi sauti humo, maneno yako wewe. Mimi akaniambia nitoke. Tulikupigia siku nne, Swaleh. Nikasema utayasikia ukija. Mwaka umepita hujaja, na sasa waniambia niitupe.

Mama yako


Nyarugusu
18 Machi

Mama yangu, shikamoo.

Usiwashe tena, nakusihi! Inalia kwa sababu kile kibao hukukirudisha ndani, na dhahabu yake haijazi hata jicho la kiroboto. Mwambie Violeth aitoe diski kwenye boksi, kile kibati kizito. Izungushie khanga, mpe Chacha ailete Katoro. Nitamngoja stendi, niipeleke kwa fundi Benjamini.

Nisamehe kwa lile neno la kutupa. Mbona hukuniambia? Sijaja kwa sababu sina kitu. Miaka mitatu mashimoni, nije nisimame kaburini kwa baba na mikono mitupu?

Mwanao


Katoro
27 Aprili

Mama, shikamoo. Magoti yanaendeleaje?

Diski imeharibika ndani. Benjamini amehangaika nayo mwezi mzima. Sauti ilikuwa ya dakika sita, amepata sekunde kumi na tisa. Baba anakohoa, anamuuliza Violeth, "Imeanza?" Mlango unafungwa. Halafu anasema, "Swaleh, ng'wanawane..." Baada ya hapo ni mkwaruzo mtupu.

Mwanangu, basi. Mwanangu nini? Nimesikiliza mpaka fundi kanionea huruma. Sijui alikuwa ananilaumu au ananiaga. Nimechanganyikiwa, mama. Muulize Violeth.

Mwanao


Kambarage
30 Aprili

Marahaba, Swaleh wangu. Magoti yaache.

Violeth alibonyeza akatoka, hajui kitu. Mimi ndiye niliyerudi dirishani, nikasimama nje nimejiziba mdomo kwa mtandio. Mwaka mzima nimenyamaza kwa aibu, maana nilisikiliza maneno yasiyo yangu. Alisema mengi, mengine ya ng'ombe wa utotoni kwake, sikuyafuata. Lakini hili nililishika: "Usingoje dhahabu. Njoo na njaa yako tu, mama yako atakupikia."

Barua hii anakupa Chacha mkononi. Usiijibu. Panda basi lake linaporudi.

Mama yako