Kubakiza Gia Moja

Jumatatu, 3 Machi
Chai, dawa ya presha, mazoezi ya vidole. Kidole gumba cha kulia bado kizito. Miezi saba tangu kiharusi. Nimepanda baiskeli kwa siri kwenda Ubiri. Mlimani nikataka kubadili gia, kidole kikagoma, cheni ikachomoka. Nikaangukia mtaroni. Nina hasira.

Jumatano, 5 Machi
Mkuu wangu wa kazi anataka nikae mezani, nipokee fomu za mbolea. Wakulima wa Ubiri watapewa mtu mwingine. Miaka ishirini na sita mimi ndiye bibi shamba wao. Nijibu Jumatatu. Siwezi kutulia. Nimefagia uwanja mara tatu.

Alhamisi, 6 Machi
Kwa fundi Shemdoe. Nimemwambia aondoe gia zote, abakize moja, na breki ya nyuma aihamishie kushoto. Akacheka. Akauona mkono wangu, akaacha. Akasema milima hii haitaki gia moja. Nikamwambia pakinishinda nitashuka nisukume. Miguu ninayo.

Ijumaa, 7 Machi
Baba Zuhura amejua. Ameichukua baiskeli kwa fundi kabla haijafungwa cheni, ameifungia stoo. Mume wa miaka thelathini, leo hata salamu hakuna.

Jumamosi, 8 Machi
Ufunguo nimeutoa mfukoni mwa koti lake. Cheni nimeifuata kwa Shemdoe, ameshaifupisha. Kuunga cheni ni kazi ya mikono miwili. Pini imeniponyoka mara nne. Nikalia, kwa sauti, kama mtoto.
Baba Zuhura akatoka. Nikamwambia, "Nikikaa kwenye kile kiti cha ofisini sitainuka tena."
Akasema, "Mimi ndiye niliyekukuta sakafuni, Mama Zuhura. Wewe hukujiona."
Kumbe anaogopa. Miezi yote hii nilidhani ananionea aibu.
Akachuchumaa, akashika ncha mbili za cheni. Pini nikaigonga mimi.

Jumatatu, 10 Machi
Nimekataa meza. Mkuu hakufurahi. Amenipa miezi mitatu, tutaona.

Jumanne, 11 Machi
Ubiri. Nimeshuka kusukuma mara mbili. Baba Zuhura alinifuata kwa miguu hadi darajani, akasimama, akarudi. Kabichi za Mama Hoza zina viwavi. Tumekaa shambani hadi saa nane, tukigeuza jani moja moja.