Jani la Kufukuzia Nzi

Shikamoo Dada Zuhura,

Huku ni baridi, nimevaa mashati yangu yote matatu. Jana nilipanda mlimani kutafuta habari za Mangi, yule chifu wa huku aliyepigana na Wajerumani mpaka wakamnyonga. Njiani nzi walinisumbua, nikavunja jani refu kwenye uzio wa watu niwafukuzie.

Bibi mmoja wa ukoo wa Mangi akanikaribisha mbege, pombe yao ya ndizi. Kata ya pili ikanifungua mdomo: nikajisifu kwamba hata Babu yetu alipigana vita ile, huku huku mlimani.

"Upande gani?" akauliza.

Na mimi mwalimu mzima wa historia! Ndipo nikaikumbuka picha ya ukutani kwetu, Babu na kofia yake ya askari wa Mjerumani. Nikakiri, jani langu bado mkononi.

Bibi akaliona jani. "Kumbe umekuja na isale. Hilo ni la kuomba msamaha, na kwetu anayelileta hakataliwi." Akalipokea kwa mikono miwili, akanijazia kata.

Sikuthubutu kutaja nzi.

Dada, ukienda kupalilia kaburi la Babu, mwambie amesamehewa. Habari za nzi usimwambie.

Mdogo wako akupendaye,
Salimu