Birika la Baba bado lipo Mwamgongo

Dada Zaituni, shikamoo.

Leo kwenye boti nimeketi na bibi mmoja wa Polandi. Pete yake ina mwezi na nyota, nami nikamwamkia, "Asalaam aleikum." Akacheka sana! Kwa Kiswahili chake cha kuokoteza akanieleza kwamba hiyo ni nembo ya mababu zake, makabaila wa zamani, na kwao nembo moja hutumiwa na koo nyingi zisizochanganya hata tone la damu.

Nikakumbuka nilivyonuna Baba alipomruhusu Mzee Bukuru, mgeni kutoka Kongo, achore birika letu jeupe, alama ya mtumbwi wa Baba, kwenye mtumbwi wake. "Birika la mtu mmoja hupoa upesi," Baba aliniambia.

Tulipouza mtumbwi wa Baba baada ya arobaini, nilidhani birika limekwisha. Lo, dada! Tumefika Mwamgongo, mitumbwi yote ya wajukuu wa Bukuru ina birika, na moja wamelichora likifuka mvuke.

"Hawa ndugu zako?" bibi akauliza.

Nikasema ndiyo, nikavua viatu, nikashuka majini.

Wamenifungia samaki, migebuka ya kuchoma. Wamesema nimpelekee shangazi yao Zaituni.

Mdogo wako akupendaye,
Hadija