Vyuma vya Mwavuli wa Baba

Chuoni, Kasulu
14 Julai 1975

Kaka yangu Melkiadi,

Pokea salamu, nawe unisalimie mama hapo Kibondo. Homa imeniachia. Maharage ya shamba la chuo yamekauka, wiki hii tunapura.

Chuma kimoja cha ikembe yangu, ile marimba ya vidole uliyonichongea, kilipokatika, nilikuomba kingine. Ukajibu kuwa vyuma vya mwavuli wa marehemu baba vimekwisha. Niliamini. Tangu hapo napiga yenye pengo, nyimbo naziruka katikati kama kibogoyo anayekwepa mfupa.

Sasa Odilia, mwenzangu wa bwenini, amerudi kutoka likizo huko Kibondo na ikembe mpya. Hakusema nani amemchongea. Nilijua mwenyewe, maana chuma kimoja bado kina ile rangi ya kijani ya mlango wetu, iliyomwagikia mwavuli.

Nataka kumchukia, ananishinda. Nilipougua, ndiye aliyenichemshia uji. Na jana, aliposikia ninavyorukaruka, alichomoa kile chuma cha kijani katika ikembe yake akanipa. "Chukua, dada, vilivyobaki vinanitosha." Nilimshukuru, kisha nikaenda kulia chooni.

Sijakichomeka. Kimo ndani ya bahasha hii, angalia kisikuchome. Sasa ikembe zetu zote mbili zina pengo, na chuma unacho wewe. Njoo Kasulu, ukichomeke mbele ya macho yetu wote wawili.

Ni mimi, uliyemwambia vimekwisha,
Ernesta